Pua ya Mama Angélique na Mpera wa Jirani

Ni mwaka mmoja sasa tangu kiti chako cha mianzi kibaki langoni bila mwenyewe, Mama Angélique. Hadi juzi, watu wa nyumba yako wakirudi kutoka mjini walikuwa bado wanasimama mbele yake na kuinamisha shingo. Kisha walikumbuka kwamba hakuna wa kuwanusa tena, wakaingia ndani wakijicheka. Mazoea yana taabu.

Kwa wanaosoma hapa bila kukufahamu, tuseme kidogo. Ulikuwa mkaushaji wa samaki kule Tchomia, kando ya ziwa, hadi vita vilipokufukuza na kukuleta Bunia pamoja nasi watoto wako wawili, Elodie na Serge. Baba yetu Théodore alikuwa dereva wa barabara ya Iga Barrière, na pombe ilimla polepole mpaka ikammaliza. Watu walidhani utaichukia pombe na kila anayeigusa. Wewe ukashikwa na udadisi. Ulitaka kujua ni kitu gani hasa kinachomvuta mtu mwenye akili zake, mwenye mke na watoto wanaompenda, arudi kwenye chupa iliyomtupa mtaroni jana.

Ukaanza kuuliza, na katika kuuliza ukajikuta umeweka vitanda katika vyumba vya nyuma. Wakaja vijana wa migodini walioharibiwa na kaikpo, ile pombe kali ya kienyeji. Wakaja wavuta bangi na wameza vidonge. Walikaa miezi, wakilala kwako, wakila kwako, wakilima bustani yako ya mboga. Siku za kwanza, mwili unapotetemeka na mtu anaona vitu visivyokuwapo, ulimwita muuguzi, infirmier Dominique, aje na dawa zake, kwa maana ulijua kwamba huko maombi peke yake hayatoshi. Ubaoni uliandika Nyumba ya Pumziko, lakini Bunia ina ubao wake: mji mzima ulisema "Kwa Mama Pua."

Maana pua yako ilikuwa na jina. Kila aliyetoka, awe ameenda sokoni au misani, aliporudi alipita mbele ya kiti chako. Uliweka chini ungo wako wa maharage, ukamshika mabega na kusogeza uso shingoni pake.

"Karibia, mutoto, nikunuse."

Wengi hawakungoja hata uvute pumzi. Mashujaa wa migodini walianza kulia wenyewe: "Mama, unisamehe, nilionja tu." Nawe hukumfukuza mtu. Ulisema, "Basi kaa hapa karibu na miye, uniambie ilianzia wapi," na mazungumzo yakaenda mpaka maharage yakaisha kuchaguliwa.

Ulikuwa pia na maswali yako ya ajabu. Kahawa ikiletwa, uliuliza: "Leo inanukia namna gani?" Mvua ikianza, uliuliza udongo unanukia nini. Tulidhani unawafundisha watu wako kuamka, kwa kuwa mlevi husahau mambo kama hayo. Wao wakajitahidi kukujibu vizuri, na mmoja alikuambia kwamba udongo unanukia kama shati la babu yake. Ulicheka, ukamwomba arudie.

Na jirani Mama Clarisse, je, na mpera wake? Tunakumbuka alivyokuja kwa hasira, mikono kiunoni.

"Mbuzi yenu inakula mupera yangu! Upande ya barabara haina hata jani moja!"

Serge akamjibu, "Mama Clarisse, siye hatuna mbuzi."

"Basi ni ya nani? Na inafika juu vile namna gani?"

Wewe hukuinua macho kwenye ungo. "Pole, jirani," ukasema. "Iko mbuzi mingi sana mu Bunia."

Sasa tufike kwa Emery, mwana wa kaka yako. Yeye mwenyewe ameomba tuandike haya, anasema mficha uchi hazai. Alikuja kwako kutoka migodini, amekonda, mikono haiwezi kushika kijiko. Ukamlea kama wengine, akapata nafuu. Alipoanza kunenepa ulimtuma sokoni kununua makaa. Huko akakutana na wenzake wa zamani, na makaa yakasubiri.

Aliporudi mchana ule alikuwa ametafuna majani ya mpera, afiche harufu ya kaikpo, hadi ulimi ukakauka. Alijua kwamba ukimkamata, atakusanya nguo zake mwenyewe na kurudi kufia shimoni, kwa maana aibu ilikuwa imemjaa na hakuwa na nguvu za kuanza tena mbele ya watu. Ulimshika mabega na kumnusa kwa muda mrefu. Kisha ukasema, kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Emery, weye unanukia mapera. Ingia, ukatekee siye maji."

Basi. Akateka maji mpaka jua likapoa, akipita na kurudi mbele ya kiti chako. Emery alielewa kwamba umejua, na kwamba pamoja na kujua, umemfungulia mlango. Tangu siku ile hakuonja tena. Kila kiu ilipomjia alijiambia: kuna mtu aliyeuona ubaya wangu wote akaniita nikateke maji. Alisimama juu ya jambo hilo moja. Lakini hakuthubutu kukuuliza, na homa yako ya mwisho ilikuwa fupi, ukaondoka na jibu lako.

Juzi tulikusanyika kuandaa kumbukumbu hii. Mdogo wako Bibiane alipanda kutoka Tchomia na kapu la samaki. Elodie alikuwa anaandika, akasoma kwa sauti: "Pua yako haikudanganywa na mtu." Bibiane akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

"Pua gani? Pua ya Angélique ilikufaka zamani, kule Tchomia! Moshi ya samaki ilikula yote. Hata samaki ikioza alikuwa hasikie kitu. Miye njo nilikuwa namunusia. Alinikataza kusema. Alisema, 'Usiambie bantu, ile pua iko na kazi.'"

Tulitazamana, Mama. Maharage uliyoyaacha yaungue huku umekaa hapo hapo! Na kahawa, na mvua, na shati la babu wa mtu! Kumbe hukuwa unafundisha. Ulikuwa unaomba. Ulikuwa na hamu ya harufu, na kila jioni ukawafanya walevi wa Bunia wakunusie dunia. Elodie alilia hapo, na haoni haya kusema.

Emery hakulia. Aliweka chini kipande chake cha samaki. Tulimwona anahesabu moyoni: kama pua ilikuwa imekufa, basi Shangazi hakujua chochote. Alimpapasa kama kipofu, akamruhusu mwizi kupita. Msamaha aliousimamia siku zote hizo haukuwahi kutolewa, kwa sababu hakuna aliyeona la kusamehe. Alisimama na kutoka nje. Barabarani, hatua chache kutoka langoni, muziki wa baa ulikuwa umeshaanza ingawa jua bado kali. Serge alitaka kumfuata. Bibiane akamshika mkono, uso wake umebadilika, kwa kuwa aliona alichokivunja kwa kicheko.

Emery alifika langoni, akakigeukia kiti chako. Akaketi. Hakuna mwingine kati yetu aliyewahi kukikalia kiti kile, wewe ukiwapo au usipokuwapo. Akainua macho, na mbele yake kabisa ilikuwa ile nafasi kati ya mabati mawili ya uzio, ile ambayo Serge alitaka kuiziba mara nyingi ukamkataza: "Iache, inaniletea upepo." Kwa nafasi ile aliuona mpera wa Mama Clarisse wote, kuanzia shina. Upande wa ndani umejaa majani. Upande wa barabara una upara, hadi pale mkono wa mtu mzima unapofika.

Alirudi mbio.

"Shangazi Bibiane, pua yake ilikuwa imekufa kabisa? Hata kidogo haikubakia?"

"Kabisa, mutoto wangu."

"Sasa alijua ya mapera namna gani?"

Akatuita langoni, akatuonyesha ile nafasi ya uzio. Tulitoka wote, tukakikalia kiti kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, tukachungulia. Ndipo infirmier Dominique, aliyekuja kula samaki, akakumbuka kwamba jioni ya makaa yale ulimwita apite kumpima Emery, ingawa haikuwa siku yake ya kuja. Ulimwambia tu kwamba kuna mtu aliyechoka kwa kuteka maji.

Ulimwona, Mama. Ulimwona akisimama pale barabarani, akivunja majani, akitafuna na kutema na kujinusa kiganja. Uliwaona wote. Ulikuwa na muda wa kutosha, kabla hawajafika langoni, kuamua nani anahitaji kuulizwa na nani anahitaji kazi ya maji. Pua ilikuwa ya kuwapa wao nafasi ya kusema. Kujua kulikuwa kwa macho, na zaidi ya hapo hatujui, na tungetoa mengi ili tukuulize.

Emery sasa ndiye anayekaa kwenye kiti. Jana Aimé, fundi cherehani aliyekuja kwetu akitetemeka kama yeye, alirudi kutoka misani akiwa amechelewa, kipande cha kijani kimeng'ang'ania jinoni. Pua ya Emery ni nzima kabisa, na anasema ilimbidi ajikaze asipige chafya. Alimshika mabega, akamnusa, kisha tukamsikia:

"Aimé, weye unanukia mapera. Ingia, ukatekee siye maji."

Akamtuma mtu kwa Dominique. Kesho ya Aimé hatuijui. Leo yuko bustanini, anamwagilia mboga.

Uzio hatutauziba. Nawe Mama Clarisse, ukisoma hapa, utusamehe: hawakuwa mbuzi.

Wanaokukumbuka, Mama Angélique, ni watoto wako Elodie na Serge, mdogo wako Bibiane, mwana wa kaka yako Emery, rafiki yako Dominique, na wote waliowahi kukuinamishia shingo pale langoni. Wakati huu mvua inaanza kunyesha Bunia. Udongo unanukia samaki mbichi na majani, na kidogo kama moshi wa mbali. Daima tutakukumbuka, na kila mvua tutakuambia.