Fundi wa Kijani

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia, na wanaokuletea baiskeli uwatengenezee wamekupa nafasi ya kupumua. Mkaza mjomba hajambo? Mama aliniambia kikohozi kimemwachia, nikashukuru, maana nilipompigia simu mara ya mwisho alikohoa zaidi ya alivyosema. Huku kwetu sote tu wazima. Mimi mwenyewe ni mzima kuliko nilivyokuwa mwezi uliopita, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niache simu nishike kalamu. Mambo mengine ukiyasema kwa simu mtu anakukatiza kwa mzaha, na wewe Mjomba kwa mzaha hujambo.

Tulipoagana uliniuliza kazi ninayofanya hasa ni nini, nami nikakujibu kwa mkato kwamba nachora. Sasa nieleze vizuri. Mimi na mwenzangu, dada mmoja ambaye wote tunamwita Injinia kwa kuwa hakuna kompyuta inayomshinda, tumetengeneza mchezo. Si wa kupigana wala wa mbio za magari. Ndani yake unakuwa fundi cherehani. Una cherehani moja, kitambaa hakitoshi, wateja wanaingia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anataka nguo yake leo. Kazi yako ni kukata, kushona, na zaidi ya yote kuahidi, maana ukiahidi mno utaumbuka, na usipoahidi wateja watakwenda kwa jirani. Tumeuita "Njoo Kesho". Najua utacheka kwamba kuna watu wanatoka kazini wamechoka, kisha wanalipa ili wafanye kazi nyingine. Wapo, tena wengi, ila wanataka kujua ni kazi gani kabla hawajaingia.

Hapo ndipo tulipokwama. Michezo hii huuzwa katika duka la mtandaoni. Hakuna muuzaji wa kukushika mkono akueleze. Kuna picha tu, ndogo kama kiberiti, zimepangwa mamia kwa mamia, na mnunuzi anazipitisha kwa kidole huku akiwaza mengine. Picha hiyo ndiyo jalada la mchezo. Isipomsimamisha palepale, keshapita. Mimi nilikuwa nikijifariji kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Injinia akaniambia chema hujiuza kikionekana. Kikiwa uvunguni hata bei hakiulizwi.

Jalada la kwanza nililitia kila kitu: cherehani, pasi, mkasi, rafu za vitambaa, foleni nzima ya wateja, paka juu ya kabati, hata kalenda ukutani. Herufi za jina nilizichora kama uzi unaojiviringisha. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta ilikuwa picha ya kutundika sebuleni. Injinia akaipunguza mpaka ikafika saizi ya dukani, ikawa kama mkoba uliomwagika. Jirani yetu wa ofisi, anayeuza bima, aliombwa asome jina, akasoma "Njaa Kesho", akauliza kama ni mchezo wa mambo ya ukame. Nilicheka nao, lakini rohoni niliumia.

La pili nililifanya kwa hasira. Nikafuta foleni yote nikabakiza fundi peke yake, uso mkubwa unamtazama mnunuzi, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni, na lile tabasamu la mtu anayejua kwamba nguo yako hata haijakatwa. Herufi nikaziandika nene, bila madoido. Ndani ya mchezo rangi zote alikuwa amezipanga Injinia kwa namba, nami nachukua namba tu, lakini hili jalada nililipaka mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Injinia alilitazama kwa muda, akasema ni la aina yake, tukalipandisha dukani kama tangazo la mchezo unaokuja.

Watu wakaja, Mjomba, kisha wakaondoka. Waliandika kuuliza mizimu iko wapi. Mmoja alitaka kujua yule fundi mfu anauawa kwa silaha gani. Mwingine alisifu jina, eti "Njoo Kesho" ni kitisho kinachosisimua mwili. Sisi tunauza sindano na uzi, wao wamekuja kutafuta maiti.

Injinia hakunizungusha. Alisema siku ya kufungua mchezo inakaribia, na siku ya kwanza dukani haiji mara mbili. Kama jalada la tatu nalo halitakaa sawa, itabidi ampe mchoraji mwingine. Hakulisema kwa ubaya, lakini liliniingia. Niliacha kazi ya kuchora mabango ya maandishi meusi ili niingie katika mchezo huu, na mchoraji asiyeweza kuchora mlango wa duka lake mwenyewe, ndani atabaki kufanya nini? Nikaanza kukosa hamu ya kula, na mama nikawa namjibu kwa mkato.

Mchana mmoja, tumekaa mbele ya picha ileile, Injinia akatoa swali alilokuwa amelimeza tangu mwanzo.

"Samahani kukuuliza," akasema, "lakini kwa nini fundi wetu ni wa kijani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia fundi ni maji ya kunde kama mimi. Akanitazama kuona kama namfanyia mchezo. Nilipomuuliza mbona hakusema siku zote hizo, akajibu kwamba alidhani ndiyo sanaa yenyewe, na hakutaka kuonekana mshamba. Akaenda kwenye kapu la vitu tulivyonunua ili nivichore, akaleta nyuzi mbili, akaniambia nichague yenye rangi ya ngozi. Nilizigeuza, nikazipeleka dirishani, nikazirudisha mezani. Zilikuwa za rangi moja tu. Shuleni niliwahi kuchapwa kwa kupaka majani ya mti rangi ya udongo, nikaambiwa sina makini, nami nikaamini hivyo hadi siku hiyo.

Daktari wa macho alinionyesha kitabu chenye kurasa za nukta nukta, ambamo wengine huona tarakimu. Mimi niliona nukta. Akasema huo si ugonjwa, hauzidi wala hauna dawa. Ni kwamba macho yangu hayatenganishi nyekundu na kijani, pamoja na rangi za jirani zao kama kahawia, vile macho ya wengine yanavyotenganisha. Nilitoka pale nimepumua na nimeogopa kwa pamoja. Nilipumua kwa sababu kumbe sikuwa mzembe. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nakwenda kumwambia Injinia kwamba mchoraji wake haoni rangi.

Nilimwambia nikiwa bado mlangoni. Hakutaja mchoraji mwingine. Aliondoa rangi yote kwenye ile picha, ikabaki nyeusi na nyeupe, akaniuliza naona nini. Nikamwambia ninachokiona siku zote, kwamba ukuta na uso wa fundi vina mwanga sawasawa, ndiyo maana picha ikipunguzwa vinamezana. Akakiri kwamba yeye hilo hakuwa ameliona, rangi zilimziba macho. Basi tukagawana kazi. Mimi nikashika mwanga na giza, yeye akashika rangi kwa namba zake. Duka nikalitia giza, uso wa fundi nikauangaza, na mikononi nikampa shati jeupe lenye mkono mmoja. Mteja nikamfanya kivuli tu mlangoni, ameshika kiuno. Paka nilimwacha nje, ingawa nilimpenda.

Jalada hilo tulilipeleka likiwa dogo vilevile kwa dada anayetoa fotokopi chini ya ofisi yetu, tukamuuliza mtu anafanya nini katika mchezo huu. Akatupia jicho, akasema, "Ni fundi. Nguo haijaisha, na anatafuta uongo wa kusema." Injinia akakaa kwenye ngazi akacheka hadi machozi. Mchezo sasa umefunguliwa. Hatujawa matajiri, usije ukanitumia bili ya matairi, lakini wanaoingia wanajua wameingia wapi, na wanakaa. Kiti changu ni changu. Mama anasema hata sauti yangu imerudi.

Sasa nifike kwenye neno lililonikalisha kuandika. Daktari, akiwa anafunga kitabu chake, aliniuliza kama nina mjomba. Nikamwambia ninaye. Akanieleza kwamba hali hii mtoto wa kiume huipata kwa mama yake, ambaye mwenyewe huona vizuri tu, na ukiwatazama ndugu wa kiume wa mama mara nyingi utamkuta mwingine wa namna hiyo. Nilikumbuka ile hadithi inayosimuliwa kila ukoo unapokutana: ulivyokuwa ukijifunza umeme ujanani, ukaunganisha nyaya katika nyumba mpya, waya wa moto ukauweka penye waya wa ardhi, mkubwa wako akashika sanduku la swichi na umeme ukamrusha hadi ukutani. Akakufukuza mbele za watu, akisema kichwa chako hakiko kazini. Tangu hapo watu wote wanakuita Shoti, na wewe unacheka nao. Sikuwa nimewahi kuuliza nyaya zile zilikuwa za rangi gani.

Nilimuuliza mama. Akasema wa moto ulikuwa mwekundu na wa ardhi wa kijani. Kisha akakumbuka jinsi ulivyokuwa ukimtuma bustanini akuchumie nyanya zilizoiva, ukisingizia mgongo. Akaniambia pia kwamba jina la Shoti alilianzisha yeye. "Kaka yangu alipoteza kazi kwa ajili ya macho," alisema, "na mimi nimemcheka maisha yote." Alilia, Mjomba. Anakuja kukuona mwenyewe, ila ameniomba nitangulie kukuandikia, kwa sababu hajui aanzie wapi.

Daktari hawezi kuapa bila kukupima, kwa hiyo nakuomba uende ukapime. Mimi nimekwisha kuamini. Hukuwa mzembe, wala kichwa chako hakikuwa mbali. Ulipewa nyaya mbili zinazofanana ukaambiwa uzitofautishe, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza unaona nini.

Nisalimie mkaza mjomba na wote waliopo hapo nyumbani, wakubwa na wadogo. Jina lile humu ndani mama amelipiga marufuku. Jana mdogo wangu alilitamka kwa mazoea, akaamriwa kuosha vyombo vyote vya chakula cha mchana na cha jioni. Wengine hurithi mashamba kwa wajomba zao. Mimi ni

mpwa wako, niliyerithi macho.