Sauti ya Baba Ndani ya Picha ya Kareti

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Vipi goti? Au bado wapanda ngazi kwa ukaidi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Toronto haina adabu.

Ile kanda ya picha ya kareti imefika. Mzee Lau, ninayefua naye mashuka hotelini, ameitafuta tangu ujana wake. Wakusanyaji wenziwe wa picha hizo za zamani waliamini haikubaki hata moja nzima. Nilipomwambia kwetu Mkomani iko, chini ya kanga zako, alikaa kitako juu ya kapu la mashuka! Nawe ukasema, "Mpe kabisa, mimi picha za Wachina za nini?" Nikampa.

Jumapili tukaitia mashineni kwake. Nje theluji yashuka polepole, ndani watu waruka juu ya mapaa, nami kama nimelala macho wazi. Maana anayesema si Mchina, Mama. Ni Baba! Wakumbuka alivyokuwa akiwafasiria watu picha pale sebuleni? Kumbe hii aliijaza sauti yake, apumzishe koo. Kichina hakujua hata neno. Yule mzee wa ndevu nyeupe mle pichani kamfanya msusi wa mikeka wa kijiji cha Kipungani aliyeibiwa ukili! Mara, katikati ya ngumi: "Ngojani, waadhini." Akanyamaza, wakapigana kimya mpaka adhana ikaisha. Nilicheka, kisha nikalia.

Nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu, kwamba tangu tumzike, sauti ya Baba yakutoka masikioni, waitafuta huipati. Lakini kitu ukishampa mtu humuombi tena. Wewe ndiwe uliyenifunza. Siku nzima nikawa nafua tena mashuka niliyokwisha kuyafua. Mzee Lau akaniuliza nina nini. Sikuweza kuficha, nikamweleza.

Kesho yake akaja na kanda ameifunga kwa taulo. "Sikurudishii," akasema. "Hii ni zawadi yangu kwa mama yako." Yeye amebaki na nakala, na sauti ya Baba hakuigusa.

Dada Mwanaidi nisalimie, na shemeji Twalib, fundi wetu wa redio. Yeye atakutafutia mashine.

Ikifika, Mama, usiirudishe chini ya kanga. Isikilize hadi mwisho. Adui akiyumba, utajisikia mwenyewe wamwita Baba kutoka jikoni, chai yapoa. Naye atakujibu: "Naya sasa hivi, Zuhura wangu. Huyu afe kwanza."

Mwanao akuombeaye,
Athumani