Mayu, Nataka Gunia Lifunguliwe

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Sasa hivi mjukuu wako Nkwimba kalitema titi la kushoto, akalipiga kofi, akanipanda kulitafuta la kulia. Meno hayajajaa mdomoni ila kuchagua anajua! Nimecheka, halafu nimekasirika. Mtoto ameliona. Watu wazima wa nyumba hii hawataki kuliona.

Ngozi ya titi hilo la kushoto imekuwa nyekundu na ngumu, ina vishimo vishimo kama kuku aliyenyonyolewa. Nimemeza vidonge vya zahanati nikamaliza, nimekanda kwa kitambaa cha moto, wapi. Daktari wa wilaya akasema niende Mwanza, wakate kipande kidogo cha ngozi wakipime. "Huenda ni uvimbe wa kunyonyesha tu," akasema, "huenda ni saratani. Kwa macho siwezi kukuambia."

Nimerudi na neno hilo, sasa kila mtu nyumbani ni daktari. Mama mkwe anasema mtoto amenibeulia titi, hewa ya tumbo lake ikaingia ndani, na likiguswa na chuma ugonjwa utasambaa mwili mzima. Mume wangu Masunga anasema tumalize kwanza kuvuna. Mayu, huyu huyu Masunga! Ng'ombe wake akivimba kiwele, siku hiyo hiyo yuko juu ya baiskeli anamfuata bwana mifugo hadi Sapiwi. Mimi nisubiri pamba.

Naogopa kisu, sikufichi. Nawaza, na kama mama mkwe anasema kweli je? Lakini hapo ndipo nakukumbuka wewe, tumekaa mkekani tunachambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, vidole vinachomwa na maganda. Wenzetu walikuwa wanaificha fifi katikati ya gunia. Karani wa chama cha ushirika akizamisha mkono mpaka kwapani kuvuta sampuli, wao wanatazama pembeni, wewe unamwambia, "Ingiza tena, baba. Juu ya gunia kila mtu msafi!"

Siku hizi wamekuja wanunuzi binafsi, wanaigombania pamba hata yenye mchanga. Wanapima, wanapakia. Hakuna anayefungua. Na wewe tulikuzika hivyo hivyo, Mayu. Tumbo lilivimba, kila mtu akataja lake, mpaka leo sijui nini kilikuchukua. Hilo linanichoma kuliko titi. Sitaki Nkwimba aje aulizwe habari zangu akose la kujibu.

Juzi nikamwambia Masunga, "Baba Nkwimba, gunia lako likitolewa sampuli unaona sawa. Mimi hutaki?"

"Wewe siyo gunia, bwana."

"Kweli. Gunia lingekuwa limeshapakiwa kwenda Mwanza."

Akacheka, kisha tonge likampoa mkononi. Jana akaenda mwenyewe kuongea na dereva wa lori la pamba la Mwanza. Mama mkwe kanuna, lakini asubuhi hii kanifungia viazi vya njiani.

Basi nakwenda. Huenda ni uvimbe tu, moyo wangu unaniambia hivyo. Lakini moyo nao unatazama juu ya gunia. Nimevaa kanga yako ile ya njano. Lala salama.

Ni mimi mwanao, mama wa Nkwimba.

Masunga anaita nje, "Mama Nkwimba, dereva anapiga honi! Lete mtoto nimshike mimi!" Nakuja, nakuja. Mayu, wakinipa majibu, yawe mabaya yawe mazuri, wewe ndiye nitakayekuambia wa kwanza.