Kabla Hajabadili Manyoya

Dada Zuhura,

Shikamoo. Marahaba yako ilikuwa ndefu, ya kuvutavuta, kwa hiyo nimesubiri kidogo kabla ya kuendelea. Haya, tuendelee.

Barua hii niliianza kichwani muda mrefu uliopita, na nilikuwa na jambo moja tu: kumshtaki mumeo kwako. Nilitaka ujue kwamba Shemeji Hamisi amemuuza yule finchi mweusi, ndege mdogo wa tunduni, uliyeniachia, akaweka wa kijivu mahali pake, akidhani mimi ni muuza miche ya parachichi wa Tengeru na sijui kutofautisha ndege. Nilikuwa na hakika. Unanijua nikishakuwa na hakika.

Usinilaumu kwa kushuku watu, maana ni wewe uliyenifundisha. Unamkumbuka yule muuzaji aliyetuletea finchi wa njano kama kiini cha yai? Mimi nilishatoa pochi. Wewe ukaomba maji ya uvuguvugu kwa mama ntilie, ukachovya kidole, ukamsugua ndege kifuani taratibu huku unamuuliza muuzaji habari za watoto wake. Kidole kikatoka cha njano. Hukugomba. Ulimwonyesha tu, ukasema, "Kaka, huyu bado hajakauka." Tulicheka njia nzima hadi kwako Daraja Mbili, na tangu siku hiyo ukaniita Polisi, kwa sababu kila ndege aliyeingia kwako lazima nimsugue kwanza. Sheria yako ilikuwa moja: usiamini rangi ya ndege mpaka abadili manyoya mara mbili.

Hata wale ndege wako wawili wa kijivu walipototoa kinda mweupe, mimi nilimshuku jirani kwamba kabadilisha yai. Ulisimamisha cherehani ukanieleza, huku sare za shule za watu zimekulalia mapajani. Weupe ulikuwa ndani yao siku zote, ukasema, kila mmoja kaubeba kimya kimya, na hauonekani mpaka wakutane wawili wanaoubeba. Kumbe ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya kwenye yale matundu: kukutanisha vilivyojificha. Ukapata weupe, ukapata wa krimu, ukapata wenye madoa. Mweusi ndiye aliyekusumbua. Miaka na miaka ulioanisha dume mweusimweusi na jike mweusimweusi, na makinda yakatoka ya kijivu kama majivu ya jiko.

Halafu masika ukanipigia. "Polisi, nimempata mweusi." Ukatuma picha: dume wa kiota chako cha mwisho, yuko kiganjani mwako, mweusi kuanzia utosini hadi mkiani, mdomo tu ndio mwekundu, mguuni ana pete ya kijani. Ukasema, "Njoo umwone kabla hajabadili manyoya." Nikacheka, nikajua unanitania kwa ile sheria yako. Nikakwambia masika ndiyo msimu wa miche, wateja wamejaa, nitakuja mvua ikikatika. Ukasema sawa.

Mvua haikukatika, ukaondoka.

Siku ya msiba walitoa kila kitu ndani ili watandike mikeka. Makochi, kabati, cherehani yako, na matundu yote yakapelekwa uani, ukutani kule jua linakopiga tangu asubuhi, yakabaki huko. Nilimwona mweusi siku hiyo kwa macho yangu. Hata nilimsugua, Dada, katikati ya msiba wako, kwa kidole chenye machozi. Hakutoa rangi. Shemeji akaniambia umeacha neno kwamba huyo ni wangu, nikamwomba amtunze mpaka nijenge banda la waya. Nilipomuuliza uliumwa nini, akasema uliumwa kidogo tu. Alisema akiwa anatazama chini. Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza.

Arobaini ikapita, nikajenga banda polepole, na nilipokuja kumchukua ndege wangu nikakuta tunduni dume wa kijivu, mashavu ya kahawia, kifua cha milia, wa kawaida kabisa. Shemeji akasema ndiye. Nikamuuliza ndiye nani. Akasema ndiye yule, kabadilika. Dada, nilimcheka usoni. Mbele ya Shangazi nikamtajia yule bwana wa Njiro, mwenye nyumba ya geti refu, aliyekuwa anakubembeleza kila mwezi umuuzie ndege, nikamwambia aseme tu alilipwa nini. Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Shemeji alilifungua tundu, akanipa ndege mkononi, akasema, "Shemeji, tazama pete."

Njiro nilikwenda. Yule bwana alinikaribisha vizuri mno, na hilo nalo sikulipenda. Akanionyesha matundu yake yote na mweusi hakuwemo, nikatoka nikiwa na hakika kwamba ana chumba kingine nyuma.

Pete yenyewe niliipeleka kwa fundi saa hapa Tengeru, na ndege akiwa nayo mguuni, nikaazima ile miwani yake ya kukuza. Nilikuwa natafuta kiungo. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba pete ya namna ile huvishwa kinda akiwa bado hana unyoya, na mguu ukishakua haitoki tena bila kukatwa. Kwa hiyo nilisema Shemeji ameikata kwa mweusi, kaigandisha kwa huyu. Niliizungusha mpaka ndege akanidonoa. Haikuwa na kiungo. Nikamuuliza mteja wangu mmoja, mzee aliyefundisha mifugo maisha yake yote, kama finchi mweusi anaweza kugeuka. Akasema bila hata kufikiri: ndege akifungiwa gizani na kulishwa mbegu za mafuta huota manyoya meusi, na akirudishwa juani na kupewa chakula chake, manyoya yanayofuata huja na rangi yake. Nikamshukuru. Moyoni nikasema huyu naye huenda wanajuana na Hamisi.

Ilibaki namba iliyochongwa kwenye pete. Nikasema pete ni nzima, sawa, lakini namba haiwezi kufanana. Nikaifungua ile picha yako kwenye simu, nikaivuta ikawa kubwa ili nisome namba ya mweusi. Ilikuwa ileile. Na kwa kuwa nilikuwa nimeikuza kiasi kile, nikaona kidole kilichoshika mguu wa ndege.

Dada, ile picha nimeitazama mara ngapi? Nimewaonyesha wateja, nimewaonyesha majirani, nimetazama mdomo, mkia, kucha, nikitafuta ulaghai. Mkono wako sikuwahi kuutazama. Ule mkono uliokuwa unasukuma kitambaa cha turubai kwenye cherehani ulikuwa umebaki mifupa na ngozi. Pete yako ya ndoa umeizungushia uzi isidondoke. Nyuma yako pazia limefungwa, na pembeni kuna bakuli la ufuta.

Nikakumbuka pia kwamba nilikushusha kaburini mimi na Shemeji, na ulikuwa mwepesi. Nilidhani ni kwa sababu tulikuwa wawili.

Nilikwenda Daraja Mbili siku hiyohiyo. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na shikamoo, mimi na Hamisi ambaye tunalingana umri. Akanielewa. Akasema hukuweza kubeba matundu kuyatoa nje tangu kabla ya Ramadhani, ukataka ndege wawe chumbani nawe, na mwanga ulikuwa unakuumiza kichwa, kwa hiyo pazia halikufunguliwa. Ulezi ulikuwa unaununua mwenyewe sokoni; yeye alikuwa anatoka kazini jioni anachukua ufuta wa duka la hapo karibu, hakujua tofauti mpaka baada ya msiba alipoelezwa sokoni. Ulimwapisha asiniambie. Ulisema nitaacha miche inikaukie. Mtu huyu nilimwita mwizi mbele ya Shangazi, naye akanyamaza ili kukutunzia siri. Nimerudi kwa Shangazi, nimeyasema yote mbele yao wote wawili, na Hamisi ndiye aliyeniambia inatosha.

Sasa amebaki mmoja wa kushukiwa, na ni wewe. Mtu aliyeumbua rangi kwa maji ya uvuguvugu hawezi kudanganywa na ndege wake mwenyewe. Ulijua si mweusi wa kweli. Ulijua ni giza la chumba chako lililomwingia. Na bado ulinipigia ukasema nije nimwone kabla hajabadili manyoya. Ulikuwa unaniita, Dada. Hukutaka kusema unaumwa, ukatafuta kitu ambacho ulijua siwezi kukipuuza, ukanionyesha ndege. Mimi nikakueleza habari za mvua. Naumia sana, na nimekukasirikia pia, acha niseme.

Ndege wako yuko bandani, ukuta wa mashariki, Mlima Meru ukiwa hauna mawingu jua linamfikia kabla halijanifikia mimi. Anakula ulezi. Anaimba ovyo kama zamani. Watu wanaokuja kununua miche wanampita bila kumtazama, maana ni wa kijivu tu, na mimi siwaambii kitu.

Pumzika, Dada yangu, Mungu akupe kauli thabiti. Mweusi sitamtafuta tena. Ijumaa Hamisi anakuja kula kwangu, na Ijumaa nyingine mimi kwake, hilo tumekubaliana. Kwako naahidi hili: mtu wangu akiniita nikaone kitu, chochote, hata kama ni uongo mtupu, nitakwenda siku hiyohiyo, na kabla ya kitu chenyewe nitautazama mkono unaonionyesha.

Mdogo wako,
Polisi