Makaroni ya Protais

Kilibula, Uvira, tarehe 20 Januari 2025

Mutoto wangu Olive,

Nakusalimia sana. Uko muzima? Kazi inaendelea? Minye mama yako napumua. Ila papa yako hali yake si nzuri, ndiyo maana nimeandika baada ya kimya kirefu. Mwezi uliopita presha ilimuangusha. Upande wa kuume umelegea, na kumeza kunamusumbua. Daktari amekataza chumvi, mawese na vitu vya kukaanga. Anataka chakula chepesi, laini. Bugali inamukaba. Uji ameuchukia. Anakonda mpaka suruali inamuanguka.

Weye unapika hotelini huko Bujumbura. Nifundishe chakula kimoja ambacho tutaweza kununua kila siku. Lakini usipige simu, ni yeye anaishika. Unamujua: tangu ulipoolewa na Muislamu, amekataza jina lako kutajwa humu nyumbani. Akijua chakula kinatoka kwako, hatakula. Barua umupe Sofia muuza vitenge, anavuka mpaka kila wiki.

Mama yako,
Domitille

Bujumbura, 24 Januari

Mama mupenzi,

Shikamoo. Sisi tuko wazima, ila barua yako niliisoma nimesimama jikoni na sikuweza kuendelea na kazi. Mume wangu Halidi anakusalimia, ndiye aliyeniambia nijibu leo leo.

Nunua paketi moja ya makaroni marefu, membamba. Inawatosha siku mbili. Yavunje vipande vifupi kama kidole kabla ya kuyachemsha, asikabwe. Maji yawe mengi, yachemke kwanza. Hapa hotelini tunayatoa yakiwa bado magumu kidogo, lakini ya Papa yaache mpaka yalainike kabisa.

Mchuzi ni mboga tu: nyanya nne zilizoiva, zile za wamama wanaotoka Katogota kuuza sokoni, karoti mbili, bilinganya moja uliyoimenya, kitunguu, jani la seleri. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, basi. Funika, moto mudogo, usiongeze maji. Nyanya zitatoa yao. Vikilainika viponde kwa mwiko. Chumvi usitie. Kamulia ndimu mwishoni, ladha itaamka.

Usimulishe akiwa amelala. Mukalishe wima, umungojee ameze kila kijiko. Akikohoa, acha.

Mutoto wako,
Olive

Kilibula, 5 Februari

Mutoto wangu Olive,

Salamu nyingi. Huku hewa si nzuri, watu wanasema vita inashuka kwa njia ya Ruzizi. Lakini papa yako amekula! Siku ya kwanza vijiko vitatu. Sasa anamaliza sahani, na juzi alitembea mpaka mulangoni.

Aliuliza nani amenifundisha. Nilisema ni mama mumoja wa kanisa. Minye, muntu wa komunyo kila Jumapili, nimemuongopea mugonjwa. Sasa anataka jina la huyo mama, amushukuru yeye mwenyewe baada ya Misa. Kila siku namuambia amesafiri. Naogopa, mutoto wangu.

Mama yako,
Domitille

Bujumbura, 22 Februari

Mama,

Muko wapi? Sofia hajaonekana wiki mbili. Wanaovuka wanasema bunduki zililia Uvira, na simu ya Papa haiiti, nimeipiga hata kama ulinikataza. Halidi anaenda mpakani kila asubuhi, anauliza kila mutu anayetoka Kilibula kama amewaona. Barua hii nampa Pudentienne, jirani yetu wa huko Kilibula, anarudi kumutafuta dada yake. Andika hata neno moja.

Olive wako

Kilibula, 9 Machi

Mutoto wangu Olive,

Tuko wazima. Barua uliyomupa Pudentienne ilifika, usinikasirikie. Sofia aliogopa barabara, na minye nilikuwa na vita yangu humu ndani.

Siku bunduki zililia tulilala sakafuni. Nilipokusanya vitambulisho haraka, barua yako ya makaroni ikaanguka mbele ya papa yako. Aliisoma polepole mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Nilipomuletea chakula, akaisukuma sahani kwa mukono ule muzima. Kesho yake vilevile. Siku nne, maji tu. Padri alikuja; papa yako akageukia ukuta.

Siku ya tano nikaketi kitandani, nikamuambia: «Protais, nimechoka kuongopa. Ni Olive anakulisha tangu mwezi wa kwanza. Ukitaka kufa, kufa, lakini kanisani sitasema kwamba ni ugonjwa ulikuua.»

Miaka thelathini na mbili ya ndoa sijamusemesha hivyo. Nikachota kijiko cha makaroni, nikakisogeza kinywani pake. Kisha akafungua kinywa, nikamulisha.

Alikula nusu. Nilipokuwa namupangusa mudomo ndipo akauliza: «Na huyo bwana yake, ni muntu wa namna gani?»

Nikamuambia alikuwa anaenda mpakani kila asubuhi kutuulizia. Akasema: «Endelea.»

Miaka mitatu huyo kijana ananisalimia, na minye sijakuuliza habari zake hata siku moja. Papa yako bado anangoja. Uniandikie haraka habari za Halidi, mutoto wangu, Sofia anarudi huku kesho kutwa.

Mama yenu,
Domitille