Maziwa Niliyoyarudisha Kabla ya Kiapo

Alhamisi. Garissa imechemka tangu asubuhi, lakini mimi nimetulia kama maji ya mtungini.

Leo nimetoa ushahidi kwa kadhi. Mume na mke wameachana, kila mmoja anataka watoto. Mama ni mteja wangu wa ushauri nasaha, na ndiye aliyeomba niitwe. Ameniruhusu kuandika haya bila jina lake.

Wiki jana nilimweleza mapema: haya nitayasema, yale sitayagusa ila kadhi akiniamuru. Akauliza, "Na utawaambia yule ni baba mbaya?" Nikamjibu kwamba huyo baba sijawahi kukaa naye.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "nimeleta shahidi au refa wa mpira?"

Nilihofu nimempoteza.

Jana alasiri ami wa yule baba alifika kwangu na kidumu cha maziwa ya ngamia. Kesi hakuitaja. Kwetu maziwa hayakataliwi. Ukiyakataa ni kama umemfukuza mgeni. Lakini nikiyanywa, kesho nitasimama vipi? Nikamkaribisha, nikamwandalia chai, kisha nikamwambia, "Adeer, ami yangu, maziwa rudi nayo. Kesi ikiisha nitakunywa mpaka unizuie."

"Walahi, unaogopa ngamia?"

"Naogopa kiapo, adeer."

Alimaliza chai, akaondoka amenuna. Nilijiona sina adabu.

Mara moja nikampigia wakili wa mama na kumweleza ugeni huo, usije ukawa siri.

Mbele ya kadhi nilisema niliyoyaona mwenyewe: mama huyu alikuja kwangu halali usingizi, sasa analala, na kila akizungumza huanza na watoto. Wakili wake akaniuliza kama baba anafaa kulea. Nikasema sijui, sijawahi kuzungumza naye. Mama akainamisha kichwa. Moyo uliniuma, lakini sikuongeza neno.

Wakili wa baba naye akauliza kama nimepokea chochote kutoka kwa mama.

"Hapana. Sijapokea cha upande wowote."

Nyuma yangu nikamsikia adeer akikohoa.

Hukumu bado. Nje nilisimama kivulini, nikisubiri lawama. Mama alinipita, akarudi hatua mbili.

"Refa," akasema, "Jumanne nije kama kawaida?"

Njoo, nikamwambia. Kiti chako kipo.

Watoto watakaa wapi, hilo ni la kadhi. Langu lilikuwa dogo, na nimelibeba bila kulimwaga.