Blanketi la Mama na Nyuzi Ishirini na Mbili

Jumapili, jioni. Kimara.

Joto. Tangu asubuhi hakuna jani lililotikisika, na feni inazungusha hewa ileile ya jana. Nimerudi kutoka Chang'ombe peke yangu. Ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iko jikoni, imejaa karibu yote, inanuka siki mpaka sebuleni.

Yeyote anayepita hapa kusoma asinionee huruma. Nitaandika kwa mpangilio, maana ndiyo njia pekee ninayoijua.

Miaka miwili iliyopita, kwenye msiba wa Baba, nilisimama mbele ya waombolezaji nikasema kaka yangu Aloyce alimwacha Baba afe peke yake wodini. Sikuwa nimemuuliza. Baadaye Mama aliniambia kwamba saa ile Aloyce alikuwa anazunguka mji mzima kutafuta dawa iliyokosekana hospitali. Tangu siku hiyo hajawahi kupokea simu yangu.

Mwezi huu Mama alimlainisha. Aloyce akakubali niende kwake, kwa sharti moja: nipeleke mbege niliyoipika mwenyewe, siyo ya kununua. Kwetu Rombo mtu haombi radhi mikono mitupu. Anakwenda na jani la isale, ule mmea wa kuombea msamaha, na pombe, wanakunywa kutoka kata moja, yanaisha.

Jani lilikuwa rahisi. Pombe ndiyo iliyonitoa jasho.

Mbege imezoea baridi ya mlimani. Ndizi nilizochemsha mara ya kwanza niliziacha ndoani kama wanavyofanya nyumbani, na siku ya tatu zilikuwa siki. Mara ya pili vilevile. Ndipo nikaifikiria kazi yangu. Mie natunza stoo ya dawa kwenye zahanati; kila asubuhi na jioni naandika nyuzi joto za friji ya chanjo. Nikajiuliza kwa nini pombe ya kaka yangu isipate heshima ya chanjo.

Jumapili iliyopita nikachemsha upya. Ndoo nikaiweka ndani ya beseni la maji, nikaivika taulo lililolowa, nikaizungushia chupa za barafu, nikawa nazibadilisha asubuhi na jioni. Kipimajoto nilikifunga kwa uzi. Nyuzi ishirini na tatu. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Zote nimeziandika kwenye daftari. Mke wangu Neema akanicheka: "Baba Vicky, hiyo ndoo inaogeshwa kuliko wewe."

Ijumaa Mama akafika na basi, blanketi lake begani, utadhani Dar kuna ubaridi. Akaonja maji ya ndizi, akaguna kwa kuridhika. "Hii ni ya nyumbani kabisa." Jioni ileile akatia mso kwa mkono wake, ule uji wa kimea cha ulezi unaoimaliza pombe. Ilibaki siku moja tu.

Sikumweleza kwa nini ndoo iko kwenye barafu. Hili daftarini halimo, lakini ni kweli: niliona aibu kumfundisha Mama kupika mbege.

Jana nilitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda zamu. Nyuzi ishirini na mbili. Niliporudi saa kumi jioni, beseni lilikuwa na maji matupu. Ndoo ilikuwa pembeni ya jiko la mkaa, imefungwa blanketi la Mama kama mgonjwa wa malaria. Mfuniko umeinuka, povu linashuka.

Nyuzi thelathini na sita.

Kule mlimani ndivyo wanavyofanya. Pombe isipofunikwa inalala tu, haiumuki. Mama amefanya hivyo tangu akiwa msichana.

"Ilikuwa imekaa kwenye barafu, baba," akaniambia. "Niliihurumia."

Nilimfokea. Mbele ya Neema, mlango wazi, majirani wanasikia. Nilimwambia angebaki tu huko Rombo.

Mama alilifungua lile blanketi, akalifua, akalianika.

Leo baada ya misa akasema, "Twende nayo hivyohivyo. Nitaongea mimi." Tukapanda bajaji, ndoo katikati ya miguu yetu, mpaka Chang'ombe.

Aloyce alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mkewe alitandika kitambaa kipya mezani, watoto wao wakakaa pembeni. Nikamwamkia kaka, nikaweka jani mbele yake. Mama akaonja kwanza, kama inavyotakiwa, akampa kata. Aloyce akanywa funda moja, akakunja uso.

"Imechacha," Mama akawahi. "Nimeichachua mimi, Aloyce. Mdogo wako hana kosa."

Kaka akanitazama. Kata ilikuwa bado mkononi mwake, hakuwa ameiweka chini. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu. Nisamehe, kaka.

Nikatoa daftari.

Sijui hata kwa nini nilikuwa nalo mfukoni. Hapana, najua. Nikasoma: "Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi ishirini na mbili. Saa kumi jioni, thelathini na sita." Nilitaka aone nilivyohangaika, na kwamba mpaka asubuhi ile pombe yake ilikuwa nzima. Mama aliinamisha kichwa, akisikiliza kosa lake likisomwa kwa saa na kwa nyuzi, mbele ya mkwe wake na wajukuu.

Aloyce akaweka kata chini.

"Dogo," akasema, taratibu kabisa, "kwenye msiba wa Baba ulinisimamisha mimi mbele za watu. Leo ni zamu ya Mama?"

Akanirudishia jani langu. Mama akasema atabaki hapo kwa Aloyce. Hakuwa na hasira usoni. Ningefurahi angekuwa nayo.

Nilipofika nyumbani nilitumbukiza kipimajoto kwenye ndoo, mazoea tu. Nikakitoa bila kusoma.

Blanketi bado liko kwenye kamba. Asubuhi lilikuwa halijakauka, ndiyo maana aliliacha. Sasa limekauka. Kesho nikitoka kazini nitampelekea. Ndoo naiacha, daftari naliacha. Nitaanza na Mama, kisha kaka.

Kama watanifungulia mlango.